Chatu wa Shemeji

Jumamosi saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni, chatu aliwekwa juu ya mizani ya bucha, baina ya maini na mbavu.

Hakuwa chatu wa kumtisha mtu. Alikuwa mtoto, mwembamba kama mkanda wa suruali, uti wa mgongo umemchomoza kama mshono wa fundi mlevi, ngozi imemlegea kana kwamba ameazima ya kaka yake. Alilala ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, ulioshonwa vizuri kuliko shati la muuza nyama mwenyewe.

"Gramu mia mbili na kumi," alisoma muuza nyama. "Shemeji, huyu hata kwa mchuzi hafai."

Foleni ikacheka. Shemeji mtu, dada wa mkewe, fundi cherehani aliyevaa tepe shingoni hata msibani, hakucheka. Aliandika namba kwenye daftari, akashukuru, akaenda zake.

Huyo chatu aliachwa nyumbani kwa shemeji na mpangaji aliyehama, ndani ya boksi, bila maji. Daktari wa mifugo alimwambia shemeji amweke mahali penye joto na utulivu, asimshindilie chakula kwa pupa, maana tumbo lililozoea njaa hutapika. Panya mdogo mmoja kwa wakati, na uji wa dawa kwa mrija mpaka afike gramu mia tatu. Mrija ukiachwa kabla ya hapo, atakufa. Uzito utazamwe kila wiki. Ndipo akaja kuomba mizani, na muuza nyama akakubali, kwa sababu kumnyima dada wa mkeo ni kujitakia chakula baridi wiki nzima.

Tena alikuwa na deni naye la maneno. Mwezi uliopita shemeji alirudi na nusu kilo yake akilalamika kwamba ni ndogo. Muuza nyama akamjibu mbele ya watu kwamba fundi cherehani apime viuno, nyama awaachie wenyewe. Watu walicheka siku ile pia.

Nyama ilikuwa ndogo kweli. Chini ya sahani ya mizani kilibandikwa kipande cha chuma cha gramu themanini, na kila aliyenunua alikilipia kipande kile bila kukipeleka nyumbani. Mizani ya pili, safi kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, ilikaa chini ya meza imefunikwa kanga. Ilitoka mara mbili kwa mwaka, kila habari zilipovuja kwamba wakaguzi wa vipimo wako njiani. Muuza nyama hakujiona mwizi. Mwizi, kwa maelezo yake, ni mtu anayekimbia.

Jumamosi ya pili chatu alionyesha mia mbili thelathini na tano. Ya tatu, mia mbili sitini na tano.

Na hapo muuza nyama akaanza kuharibika. Alisogeza maini ili mgonjwa asisumbuliwe na harufu. Aliwataka wateja wapunguze sauti. Siku moja aliuliza, huku anamkatia mama mmoja paja, kama chatu amekwenda choo na kilikuwa cha namna gani. Yule mama akaghairi, akaenda kununua maharage. Mkewe alimwambia kwamba watoto wao wanne walikua wote bila yeye kuuliza hata mmoja ana kilo ngapi.

Lakini chatu, akitolewa mfukoni, alimzunguka kifundo cha mkono akatulia pale, akitafuta joto. Tangu siku ya harusi hakuna aliyekuwa amemshika mkono kwa muda mrefu namna ile.

Jumamosi ya nne mshale ulisimama kwenye mia tatu. Foleni ilipiga makofi. Hata mwalimu mstaafu, aliyekwisha kufungiwa nusu kilo yake na kufika mlangoni, aligeuka akapiga makofi na kifurushi kwapani.

"Basi imetimia," alisema shemeji. "Leo naacha mrija."

Muuza nyama alikuwa na chatu mkononi. Uti wa mgongo bado ulimkwaruza kidole. Hesabu ya kutoa themanini aliifanya kila siku tangu afungue bucha, na sasa ilijifanya yenyewe kichwani. Angeweza kunyamaza. Nyoka hufa, watu husema masikini, nyama inaendelea kuuzwa. Aliangalia foleni, akaangalia mlango. Chatu akaingiza kichwa ndani ya mkono wa shati lake.

"Ngoja kwanza, shemeji," alisema. "Hii mizani leo ina mafua. Ninayo nyingine."

Akainama, akafunua kanga, akaipandisha juu ya meza, akamlaza chatu na mfuko wake taratibu.

Mia mbili na ishirini.

Muuza nyama alianza kubwabwaja, jasho linamtoka, akimsihi shemeji yake asiuache ule mrija hata kwa siku moja, mnyama bado ni mgonjwa, atamfia mikononi.

"Siuachi, shemeji," alisema dada wa mkewe, akifunga mdomo wa mfuko kwa fundo la kishonaji. "Daktari anayo mizani yake. Humpima kila Ijumaa. Jana alikuwa mia mbili na ishirini."

Akafungua daftari, akaligeuzia foleni. Safu ya Ijumaa, safu ya Jumamosi, na kati yake themanini, themanini, themanini, themanini. Kisha akasogea kando kumpisha mwalimu mstaafu, aliyekuwa amerudi kutoka mlangoni na kifurushi chake.