Kipande cha Pili

Fundi cherehani alizinusa. Alikuwa ameshazipima mkononi, ameshazigonga kwenye kaunta, ameshazikwangua kwa ukucha, na bado hakujua ipi orijino na ipi feki. Boksi tatu za pedi za breki zilikaa mbele yake, zote zina maandishi yale yale, na yeye hana la kufanya ila kuzigeuzageuza.

"Mzee wangu," alisema mwenye duka la spea, mwanamke wa makamo mwenye kalamu sikioni, "hizo si za kula."

Fundi alicheka kwa adabu. Kitambaa angekitambua hata akiwa amefumba macho, kwa kukisokota tu kwa vidole viwili. Hapa alikuwa mbumbumbu mzungu wa reli, na alijijua. Na jambo lenyewe halikuwa la kubahatisha. Mkewe alikuwa na leseni ya wiki mbili, na nyumba yao iko juu kabisa mlimani, barabara ikiteremka moja kwa moja mpaka hapa madukani. Wiki mbili nzima breki zilikuwa zikipiga kelele, na kila mke alipoutazama ufunguo pale msumarini, yeye alimwambia asubiri kwanza zibadilishwe. Mke alisubiri. Ila alianza kununa, na fundi aliogopa asije akadhani ni choyo. Haikuwa choyo. Alimpenda mno mama yule, akawa hapati usingizi kwa kuwaza mteremko.

"Ipi inasimamisha gari upesi?" aliuliza kwa mara ya nne.

"Zote zinasimamisha, zikiwa ndizo. Nipe hiyo ya zamani tulinganishe."

Fundi alikunjua gazeti na kumkabidhi pedi iliyolika mpaka kubaki bati. Asubuhi, mke alipokwenda kusukwa, alizitoa mwenyewe kwa mkono wake, zote nne za mbele, kwa kufuata alichokiona kwa mafundi wa magari.

"Eh, hii ilikuwa inasaga chuma," mwenye duka alisema. "Na gari umeliacha limening'inia juu ya mawe?"

"Hapana, dada. Liko chini, limetulia. Jirani alikuja kuitaka jeki yake, ikabidi nirudishe magurudumu. Nikalipiga na kitambaa, nikafagia na ua."

"Wewe mwanaume unafaa kuolewa mara mbili."

Alicheka mwenyewe, kisha akaigeuza ile pedi na kukunja uso. Hii ilikuwa ya upande wa nje, alieleza. Magari ya aina ile yako ya namna mbili, na tofauti yake inaonekana kwenye pedi ya ndani. Bila kuiona, atampa kitu kisichoingia. Na leo Jumamosi duka linafungwa saa saba kamili.

Fundi aliitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika ishirini. Kupanda mlima na kurudi ni kazi ya mchana mzima, na kesho hakuna duka litakalofunguliwa. Wiki ya tatu ya kumnyima mke ufunguo angeianza na uso gani? Alizipanga upya boksi tatu mbele yake, kama mtoto aliyeulizwa hesabu.

"Nyumbani hakuna mtu?" mwenye duka aliuliza kwa huruma.

Ndipo akakumbuka simu.

"Baba watoto!" Sauti ya mke ilikuwa ya furaha. "Nimerudi, ua unang'aa, gari linang'aa, mwenyewe hayupo. Umekimbilia wapi?"

"Niko huku chini, duka la spea. Sikiliza, mama. Barazani kuna gazeti limefungwa vizuri, ndani mna vichuma vyeusi vitatu. Niletee vyote."

"Vya nini?"

Fundi alisita. Alikuwa amepanga kumshtukiza: ampe ufunguo mkononi bila kusema neno, amwone anavyocheka.

"Wewe niletee tu. Halafu kuanzia leo hutasikia tena kelele za breki."

"Kweli?" Mke akapiga kigelegele kidogo, cha aibu. "Haya, mume wangu."

"Fanya haraka, wanafunga saa saba."

"Dakika kumi tu niko hapo."

Fundi alirudisha simu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu aingie dukani, alivuta pumzi mpaka mwisho. Alivuta boksi ya katikati, akaisogeza pembeni. Ikikubaliana na pedi ya ndani, atachukua hii, na litakalokuwa na liwe.

"Anakuja," alimwambia mwenye duka. "Dakika kumi."

"Afadhali. Kwani mnakaa hapa nyuma?"

"Hapana, juu kule mlimani."

Mwenye duka aliacha kufunga madirisha. "Mlimani? Wewe umeingia hapa umelowa jasho, umesema umetembea karibu saa nzima. Mwenzio ana mabawa?"

Fundi alifungua mdomo amjibu kwa mzaha, kisha akaukumbuka ufunguo pale msumarini. Alichomoa simu mfukoni. Akapiga. Ikaita. Ikaita tena. Ilipopokelewa, kabla ya sauti ya mkewe, alisikia mngurumo wa injini.

"Mume wangu, na wewe kwa haraka!" mke alisema huku akicheka. "Nimetoka getini sasa hivi. Ndiyo kwanza naanza kushuka."