Kiatu cha Leo Tu

"Kishone kishike leo tu, baba," binti mmoja mtembeaji alimwambia fundi viatu. "Kesho sitakihitaji."

Sindano ya fundi ikasimama katikati ya soli. Matembezi ya hisani ya kuzuia watu kujiua yalikuwa yamebakiza siku mbili kumalizika, naye alikuwa akiyafuata kijiji hadi kijiji akiwashonea watembeaji bure.

"Wenzako wanataka viatu vidumu mpaka wajukuu wavirithi," alisema. "Wewe leo tu?"

"Nimechoka."

"Miguu?"

Binti akatikisa kichwa kukataa. Soksi yake ilikuwa imelowa damu kisiginoni, wala hakuwa na habari nayo.

Mwaka juzi fundi aliona haya kumuuliza mdogo wake swali moja, akaishia kumzika. Leo aliiweka haya pembeni.

"Mwanangu, unataka kujiua?"

Barabarani wenzao walikuwa wameanza kuondoka wakiimba. Binti aliwatazama mpaka wakapinda kona.

"Ndiyo," alisema taratibu, kama mtu anayetua mzigo.

Fundi akaufumua uzi wote aliokwisha kuushona. Kisha akasogeza kopo la gundi, akampa nafasi kwenye mkeka.

"Kaa hapa nami. Kiatu hiki nakianza upya, na hakitaisha leo."