Jibu la Baba Nuru

Siku hizo watu hawakupiga kura tena. Kila Ijumaa mtu mmoja aliulizwa swali moja, na jibu lake likawa jibu la nchi nzima. Kanuni ya kumtafuta mtu huyo ilibuniwa na Profesa Hidaya Shekiondo wa Lushoto. Kwa miaka thelathini alifundisha takwimu na saikolojia ya jamii, akathibitisha kwamba mtu mmoja akichaguliwa vizuri huwasemea mamilioni.

Ijumaa moja simu ikaita nyumbani kwake. Aliyechaguliwa ni mumewe, Baba Nuru! Profesa alicheka hadi akashika mbavu, kisha akakimbilia jikoni na kujifungia, maana kanuni yake mwenyewe ilimkataza kumshawishi.

Swali lilikuwa: watoto wasome Jumamosi au wapumzike?

“Wapumzike,” akajibu Baba Nuru.

Haikupita dakika, redio ikatangaza jibu, na watoto wakalipuka kwa shangwe barabarani. Profesa akatoka na chai, uso umechanua.

“Hongera! Lakini si wewe unayesema kila siku wasome, wasizurure?”

“Na bado nasema, Mama Nuru. Ila najua wewe unataka wapumzike. Nikuudhi kwa neno moja tu?”

Profesa akacheka tena, akambusu mumewe kwenye paji la uso. Hakuna aliyewahi kumpa zawadi kubwa namna hiyo. Kisha akaketi, akamkumbuka mama wa Ijumaa iliyopita, aliyesema kijiji kizima kihamishwe kupisha bwawa. Yule naye alikuwa akimfurahisha nani?