Daktari Fisi na Dozi ya Pili

Hivi wewe, umewahi kuona mwenye ofisi na kiyoyozi akimwonea wivu anayeviringisha mavi? Daktari Fisi alimwonea Dundu, mwenye degree ya vijidudu vya tumbo na miaka minne ya kuzungusha CV, aliyekuwa akijitolea tu wodini kwake. Mtoto wa Ndovu aliharisha hadi akabaki mifupa. Dundu akamnywesha maji ya mavi ya bibi wa mtoto huyo, mwenye afya, ili vijidudu vizuri vya bibi vimtengeneze tumbo. Kesho yake mtoto akasimama, na wodi nzima ikamshangilia Dundu. Fisi akamwita Dundu pembeni.

"Sorry, bwana mdogo, mavi ni mavi tu. Hata mimi ninayo," akasema, akamfukuza. Dozi ya pili iliyokuwa imebaki akaitengeneza kwa mavi yake mwenyewe, akamnywesha mtoto. Jioni mtoto akaanguka.

"Daktari, umempa nini mwanangu?" Mama Ndovu akauliza.

"Kinyesi cha bingwa, mama."

"Cha mla mizoga!"

Akamrudisha Dundu mbio, na mavi ya bibi yakamwinua mtoto tena. Ndipo akawageukia wakubwa wa hospitali: "Mtoeni huyu! Na Dundu mpeni barua ya kazi leo hii, si next week!"