Wembe wa Arobaini

Wembe ulikuwa wa kumnyolea mtoto kesho, siku ya arobaini yake. Saleha aliutoa kwenye karatasi, akatega sikio. Shangazi yake, Bi Mwanamkasi, alikuwa uani anafua nepi. Mumewe Idarusi alikuwa bafuni, anaoga kimya, yeye ambaye siku zote huoga akiimba.

Amplifaya ya bendi ililala humo chumbani, maana nyumba yao ya Chumbageni ndiyo iliyotazamana na ukumbi wa dansi. Nyuma yake amplifaya ilikuwa wazi. Saleha aliingiza mkono, akaipapasa ile karatasi nyeusi ya spika inayotetemeka gitaa likipigwa, akaichana. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akaufuta wembe na kuurudisha mahali pake.

Haya, semeni mke mbaya. Lakini nani aliyemuuliza Saleha moyoni mwake mna nini? Mwezi mzima Tanga nzima ilikuwa na habari moja tu: anakuja bwana wa santuri kutoka Nairobi kutafuta mpiga gitaa, na atakayempendeza ataondoka naye kwa mkataba wa miaka miwili. Idarusi alipomletea habari hiyo, Saleha alicheka na kusema, "Nenda mume wangu, Mungu akufungulie." Angesemaje? Baba yake mwenyewe alikwenda Mombasa na bendi kwa mwezi mmoja, na mpaka leo hawajui kama yu hai. Mama yake alizeeka akichungulia barabarani.

Na kumfuata Idarusi huko nje, kuona mambo yanavyokwenda, hakuweza. Mzazi hatoki mpaka arobaini iishe, wala haambiwi neno zito, maziwa yasije yakakatika. Bi Mwanamkasi hakuwa na mchezo na jambo hilo. Juzijuzi mtu alifariki nyumba ya tatu, Saleha akasikia vilio kwa masikio yake mawili. "Watoto hao wanacheza," shangazi alisema, uso mkavu. "Nyonyesha, mwanangu."

Alhamisi Idarusi alirudi kutoka mazoezini amepoa. Alinong'ona kidogo na shangazi uani, kisha akaingia na kulisukuma begi lake jipya mvunguni.

"Bwana wa santuri amefika?" Saleha alimuuliza.

"Amefika. Jumapili atakuwepo dansini." Akamtazama mtoto kwa muda. "Kaka yako Sadalla bado anataka mtu wa kupima mkonge kule Muheza?"

"Unamtafutia nani?"

"Mtu mmoja tu."

Anamtafutia mdogo wake, Saleha akawaza. Anapanga mambo yake kabla hajaondoka. Usiku ule hakulala, na ndipo alipoukumbuka ule wembe.

Jumapili, saa kumi alasiri, vijana wa bendi waliibeba amplifaya wakavuka nayo barabara. Saleha alikaa dirishani nyuma ya pazia, mtoto yuko kifuani. Ngoma zikaanza, kisha gitaa likaingia.

Likakoroma. Lilitoka sauti nzito yenye mikwaruzo, ya mtu aliyelia mpaka koo likamkauka. Wachezaji wakasimama. Mtu mmoja akacheka kwa nguvu, na Saleha akafumba macho kwa aibu ya mumewe. "Nisamehe, baba," alimwambia mtoto. "Nisamehe, lakini atabaki."

Gitaa halikunyamaza. Idarusi alirudia mapigo yale yale, mara hii kwa hasira, na spika ikanguruma mpaka dirisha likatetemeka. Ukumbi ukalipuka. "Tena! Tena, Idarusi!" Watu waligonga meza, wanawake wakapiga vigelegele. Saleha akaliachia pazia.

Haikupita nusu saa, Idarusi akaingia mbio, shati limelowa chepechepe.

"Saleha! Spika imechanika, panya sijui, na sauti iliyotoka hapo, mama wee! Yule bwana alipanda juu ya kiti! Anasema hajaisikia popote. Nimeshatia saini. Treni ya kesho asubuhi, hata mtoto hatanyolewa mbele yangu."

"Hongera," midomo ya Saleha ilisema.

Bi Mwanamkasi alikuwa mlangoni, anajifuta machozi ya furaha kwa upindo wa kanga. "Sasa mwambie," alisema. "Sasa halina uzito tena."

Idarusi akacheka, akaketi kitandani na kumshika mkewe mkono.

"Alhamisi yule bwana alinisikiliza, akanikataa. Alisema magitaa kama langu Nairobi yamejaa tele. Ile kazi ya mkonge ilikuwa yangu mimi, nilishampelekea Sadalla jibu kwamba nakuja. Shangazi akaniapisha nisikwambie mpaka kesho, arobaini yako iishe."