Abiria wa Aluoch

Kipkurui alishika ndoano ya mizani ya majani chai kwa mikono miwili, akainua miguu kutoka ardhini. Wachumaji waliokuwa foleni na vikapu vyao mgongoni wakaangua kicheko. Mshale ukayumba, ukatulia.

"Sabini na sita," Aluoch alisoma, akaandika kwenye daftari. "Punguza nne. Pikipiki ina milima ya kupanda."

"Sawa, Mama Vinny," Kipkurui akajibu, akashuka.

Clifford, kaka mkubwa wa Aluoch, hakucheka. Alikuwa ametoka Kericho mjini alfajiri hiyo kwa shughuli moja tu: kumzuia dada yake.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tisa. Londiani, Timboroa, Eldama Ravine, Kabarnet, kushuka bonde la Kerio, kupanda Tambach hadi Iten, kisha milima ya Cherang'any mpaka Kapenguria. Vinny, mwana wa pekee wa Aluoch, ndiye aliyeichora njia hiyo alipokuwa chuoni, akiapa kwamba siku moja angeipita yote kwa pikipiki. Hakuipita. Walimzika akiwa na miaka ishirini na mbili.

Aluoch alipostaafu kiwandani, baada ya miaka ishirini na minane kando ya mashine za kukaushia chai, alinunua pikipiki. Alijifunza kuiendesha katika uwanja wa kanisa hapo Kapkatet, vijana wa boda wakimpigia miluzi. Alianguka mara nne. Alipoanguka mara ya tano hakuna aliyepiga mluzi; alikuwa ameshainuka na kuwasha injini kabla hawajapanga midomo.

Hilo la pikipiki Clifford angelimeza. Lililomkwama kooni lilikuwa la abiria.

"Kati ya wanaume wote wa dunia hii, Aluoch," alisema walipofika nyumbani, chai ikipoa mbele yake, "uliona huyo tu?"

"Ndiye niliyemtaka."

"Kanisani watu wanaongea."

"Wana midomo. Waitumie."

Ni kweli walikuwa wakiongea. Elmina wa kwaya, rafiki yake wa miaka mingi, hakumsalimia tena tangu siku aliyomkuta Kipkurui akinywa uji kwenye baraza la Aluoch. Kipkurui alikuwa mtu wa Chebunyo, wa miaka thelathini na minane, mpole, asiyejua kuongea na mtu akimtazama machoni. Alikuja mara ya kwanza mwezi wa Januari, akasimama langoni kutwa nzima bila kubisha. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu mvua ilinyesha, naye hakuondoka, na Aluoch akamfungulia.

"Umemsahau Vinny?" Clifford akauliza.

Aluoch aliweka kikombe chini polepole.

"Rudia hilo swali," alisema, "na utanywea chai yako barabarani."

Clifford alisimama, akavaa kofia yake. "Ukitoka kwenye lile lango na huyo mtu nyuma yako, usinihesabu ndugu."

Nje, Kipkurui alikuwa amechuchumaa akipaka mnyororo oili. Dirisha lilikuwa wazi muda wote.

"Umesikia?" Aluoch alimuuliza gari la Clifford lilipoondoka.

"Nimesikia. Kaka yako ana haki."

"Sikuuliza kama ana haki." Alichuchumaa naye, akaupima mnyororo kwa kidole. "Nikichoka huko juu, utaendesha?"

"Hapana, Mama Vinny. Mimi siendeshi kitu tena. Nilikuambia."

"Basi nitakazana nisichoke."

Jumatatu kulipopambazuka walifunga mizigo kwa kamba za mpira: makoti ya mvua, plagi mbili za akiba, sufuria ndogo, mablanketi ya baridi ya Timboroa. Aluoch akavaa suruali ya marehemu mume wake na helmeti mpya. Alipogeuka kuelekea langoni, alikuta gari la Clifford limeegeshwa likiziba njia yote. Clifford mwenyewe alikuwa ameketi juu ya boneti, mikono kifuani.

"Shuka tuongee," alisema.

"Tumeshaongea."

"Sitoki hapa."

"Usitoke."

Aluoch akakanyaga gia. Badala ya kwenda langoni alipinda kushoto, akapita kando ya banda la ng'ombe na kuingia kwenye majani chai, katika kile kijia chembamba cha wachumaji. Matawi yalimchapa magoti. Umande ukawaloweka wote wawili. Kipkurui alifumba macho, akashikilia mizigo badala ya kumshika yeye. Nyuma yao Clifford alikuwa akipiga kelele kwa Kijaluo, jina la Vinny likisikika tena na tena, na Aluoch akaongeza mafuta mpaka sauti ya injini ikaimeza ile sauti.

Waliibukia kwenye lami, matope yamewajaa hadi kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mwanawe, Aluoch alicheka kwa sauti.

Hakwenda mbali. Katika kona moja kabla ya Litein, pale ambapo majani chai yanakaribia kugusa barabara, alipunguza mwendo, akasimama pembeni na kuzima injini. Hakugeuza kichwa.

"Shuka," alisema. "Kabla hatujaenda popote, niambie ilivyokuwa, ukiwa hapa."

Kipkurui alishuka. Alivua helmeti, akaiweka kwenye nyasi, akatembea hadi katikati ya kona.

"Vinny alikuwa anavuka kutoka upande ule," alisema. "Mahakamani nilisema ni breki za lori. Haikuwa breki, Mama Vinny. Nilikuwa naangalia simu."

Aluoch aliwasha injini.

"Panda," akamwambia.