Nusu Kilo ya Udongo wa Jirani

Saa tatu asubuhi, jua likiwaka, Mtaalamu wa Udongo alikuwa amepiga magoti kwenye shamba la jirani, akiiba udongo. Nusu kilo tu, ya kujaza mfuko wa maabara.

Wa kwake hakuthubutu kuupeleka. Miaka mitatu alikuwa akimwaga chumvi ya magnesiamu kwenye shamba la majaribio, ile inayoyeyuka upesi, na miaka mitatu mvua ilikuwa ikiizoa yote na kwenda zake. Tindikali iliyoharibu udongo ilibaki pale pale. Mahindi yalitoa majani ya njano yenye mistari, na Mtaalamu alitoa maelezo. Kwa maneno hajambo.

Jirani, mama mmoja fundi cherehani mstaafu, alimwaga chokaa ya mawe yenye magnesiamu hiyo hiyo, akaichanganya na udongo, akatulia. Mtaalamu alimcheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mama, mawe hayo yatayeyuka wajukuu zako wakiwa na mvi!"

"Tindikali yenyewe itayala, mwanangu. Mimi sina haraka."

Sasa mahindi ya mama yalikuwa ya kijani hadi yanaudhi.

Na ndiye huyo aliyetokea, akamkuta Mtaalamu ana tope magotini.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Kalamu, mama."

"Basi chota tu. Kalamu zipo tele."

Mtaalamu alichota, uso umemshuka. Angefanyaje? Makao makuu walikuwa wakipunguza watu, na safari hii kila mtaalamu angepimwa kwa udongo wa shamba lake. Kazi ikienda, nyumba ya kazini nayo inakwenda, na mkewe ndiyo kwanza amemaliza kupaka rangi sebule. Mtu mzima na vyeti vyake, alikuwa hapati usingizi kwa hofu.

Wiki ya tatu barua ikafika. Alipoona neno la kwanza tu alimwita mkewe, akasimama katikati ya sebule, kifua mbele, akaisoma kwa sauti:

"Hongera! Udongo wako hauna tena tindikali, na magnesiamu imejaa. Mashamba ambayo bado yana tindikali tumeyaongezea miaka mitano, pamoja na wataalamu wake. La kwako limepona, halihitaji tena mtaalamu. Tafadhali kabidhi funguo za nyumba kabla ya Ijumaa."